Mkutubi wa utafiti, Mtwara mjini: nimemtumia mwaka mzima, haya ndiyo niliyoyaona

Nimefundisha Historia sekondari huku Newala kwa miaka 19, na miaka yote hiyo mkutubi kwangu alikuwa mtu wa kaunta: anapokea kadi, anagonga muhuri wa tarehe ya kurudisha, anakuambia zima simu. Huyu ninayemwandikia leo haketi kaunta. Ana chumba kidogo ghorofani, katika maktaba ya chuo ninakosomea shahada ya uzamili, nyuma ya rafu za magazeti ya zamani. Mlangoni pamebandikwa karatasi iliyochapwa "Huduma kwa Watafiti". Muhula wangu wa kwanza wote niliupita mlango ule nikienda kukaa karibu na dirisha lenye upepo. Nilidhani ni ofisi ya wageni wa miradi.

Ameniomba nisiandike jina lake. La chuo nami naliacha, kwa sababu yapo ya kulalamikia hapa chini. Wanaosoma pale watamjua, maana wa kazi hiyo ni mmoja tu.

Mada yangu ni reli. Si ile mpya inayopangwa kwenda Mbamba Bay. Ni ile ya zamani, iliyotoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea, ikawa na tawi la kwenda Masasi, kisha ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Babu yangu mzaa baba alitandika mataruma yake. Tulipokuwa wadogo alitukalisha chini ya mkorosho akatuonyesha kidole gumba chake cha kushoto, kisicho na kucha wala ncha, akisema, "Hiki kimeliwa na chuma cha karanga." Tulidhani anatutegea kitendawili. Kumbe reli ile ilijengwa kweli kwa ajili ya karanga. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, na mwaka 1946 serikali yao ikaamua kulima karanga Tanganyika kwa matrekta, ekari zaidi ya milioni 3, kule Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Januari 1951 mpango ukavunjwa, mamilioni ya pauni yakiwa yameshateketea. Bandari ya kina kirefu ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954, karanga zenyewe hazikuwepo tena.

Hayo nayajua kwa sababu nayafundisha kila mwaka. Nilichotaka ni kuandika juu ya watu kama babu, na hapo ndipo nilipokwama.

Mwezi wa kumi mwaka juzi msimamizi wangu alinirudishia pendekezo la utafiti. Pembeni ya ukurasa wa marejeleo aliandika kwa kalamu nyekundu: "Haya umeyatoa wapi?" Niliumia. Nilikuwa nimetoka Newala na basi la alfajiri, nimefika Mtwara saa nne, na jibu ndilo hilo. Nilikwenda maktaba nikae tu. Kijana wa kaunta nilimweleza shida yangu, akanielekeza kwenye kompyuta za katalogi. Aliyenisaidia ni mama mmoja wa usafi, tuliyekuwa tumezoea kusalimiana ngazini. Aliniona nimejiinamia akasema, "Mwalimu, mbona huendi kwa yule dada wa juu? Wenzako wote wa uzamili wanalilia kwake."

Dada mwenyewe ni mdogo kwangu, pengine kwa miaka kumi na mbili. Alisimama, akanipa shikamoo, akanivutia kiti akakiweka upande wake wa meza ili sote tuitazame skrini moja. Namwandikia tathmini hii nikikumbuka kiti kile. Ofisi nyingi nilizowahi kuingia na shida, meza inakaa kati yenu.

Nilimpa orodha yangu ya marejeleo saba. Sikumwambia nilivyoyapata. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeiuliza programu ya akili unde kwenye simu ambayo mwanangu aliniwekea, ikanipa orodha safi kabisa, ina majina ya waandishi, mwaka, jarida, juzuu, kurasa. Niliinakili kama ilivyo. Yeye hakuuliza. Alianza la kwanza, akatafuta jarida, akafungua juzuu, akashuka hadi ukurasa. Akaenda la pili. La tatu jarida lilikuwepo, juzuu ilikuwepo, lakini kurasa zile zilikuwa za makala kuhusu malaria. Alifanya hivyo kwa yote saba, taratibu, nami nikitazama. Manne hayakuwepo duniani. Mawili yalikuwepo ila mwaka si huo na mwandishi si huyo. Moja tu lilikuwa sahihi.

"Mwalimu," akasema, "msimamizi wako hakukutukana. Alikuuliza swali la kweli."

Masikio yaliniwaka moto. Kisha akanieleza, bila kunikaripia, kwamba programu ile imejifunza namna rejeleo linavyoonekana, lakini haikwenda rafuni kuhakikisha kama kitabu kipo. Inaweza kukusaidia kupanga mawazo au kukueleza neno usilolijua. Ikikupa rejeleo, ulitafute mwenyewe hadi ulione kwa macho, na usipoliona usiliandike. Tangu siku hiyo ndiyo sheria yangu, na wanafunzi wangu wa kidato cha sita nimewapa hiyohiyo.

Akaniuliza ninachotaka kujua. Nikamjibu kama nilivyoandika kwenye pendekezo: mchango wa reli katika maendeleo ya Jimbo la Kusini. Akasema, "Hiyo ni mada, Mwalimu. Mimi nimekuuliza swali." Tulikaa hapo dakika ishirini hivi. Kila nilichosema alikiandika, kisha akauliza kingine. Mwishowe, sijui hata ilikuwaje, nikamsimulia kidole cha babu. Akaweka kalamu chini.

"Kidole hicho alilipwa?"

Sikujua. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuuliza. Akasema basi hilo ni swali, tena lina majalada yake, kwa sababu serikali ya mkoloni ilikuwa na sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Alinishusha hadi kwenye rafu za sheria, akanionyesha ile Sura ya 263 katika juzuu zilizofungwa kwa kitambaa. Niliingia chumbani mwake na mada inayotosha vitabu kumi, nikatoka na swali moja ninaloweza kulibeba: vibarua walioumia kwenye reli ya Jimbo la Kusini walifidiwa vipi, na nani aliachwa nje. Ikiwa utasoma sehemu moja tu ya tathmini hii, soma hapo. Huduma yenyewe ndiyo hiyo. Vitabu vinakuja baadaye.

Siku ya pili, wiki mbili mbele, tulifanya maneno ya utafutaji. Nilikuwa nimeandika "reli ya Mtwara" kwenye kompyuta na kupata habari za Mbamba Bay peke yake. Akachora safu tatu kwenye karatasi: sisi leo tunakiitaje kitu hiki, wao wakati ule walikiitaje, na nani alikuwa na sababu ya kuandika juu yake. Nchi haikuitwa Tanzania, iliitwa Tanganyika, na vitabu vya zamani katika katalogi nyingi bado vimelala chini ya jina hilo. Mkoa wa Mtwara haukuwepo; palikuwa na Jimbo la Kusini, na wilaya ziliitwa Lindi, Mikindani, Newala, Masasi. Mwenye mradi alikuwa kwanza United Africa Company, kisha shirika la serikali, Overseas Food Corporation. Safu ya tatu ndiyo iliyonifungua macho. Wanaoandika juu ya reli ni wahandisi, wahasibu, maafisa wa wilaya, wamisionari wanaopoteza wanafunzi wao kwa ajira, wabunge wa Uingereza wanaouliza fedha zimekwenda wapi. Kila mmoja ana mahali pake pa kuhifadhiwa.

Alinifundisha pia kutumia NA na AU (kwenye kompyuta huandikwa kwa Kiingereza, AND na OR) ndani ya kanzidata, kitu nilichokuwa nimekisoma kwenye vitini nisikielewe. "Ukimtuma mtoto sokoni alete pweza au dagaa, hatarudi mikono mitupu, chochote kati ya hivyo atakileta. Ukimwambia ulete pweza na dagaa, na asikubali kimoja bila kingine, siku nyingine atarudi hana kitu." Basi majina yote ya kitu kimoja unayaunganisha kwa AU, na vitu viwili tofauti unavyotaka vikutane unavifunga kwa NA. Nimewafundisha hivyo walimu wenzangu watatu ofisini na hakuna aliyeniuliza mara ya pili.

Kisha akafungua mijadala ya Bunge la Uingereza. Yale ya tangu mwaka 1803 yamewekwa mtandaoni, mtu yeyote anasoma bure, na mimi nimefundisha historia miaka 19 sijui. Tuliandika neno moja, Nachingwea. Ikaja mistari na mistari. Waziri wa Chakula wakati ule, John Strachey, na wapinzani wake wanabishana juu ya ekari, matrekta, bandari na reli. Nilisoma hadi maktaba ikafungwa. Ni jambo gumu kulieleza: pale London wanataja mahali ambapo mimi nimewahi kusubiri basi na kununua ming'oko ya kuchemsha. Wanajua idadi ya matrekta. Juu ya mikono ya vibarua sikuona kitu siku ile. Nilipomwambia hivyo alinijibu niandike tarehe ya kila mjadala niliousoma nisikute chochote, kwa sababu kutokuwemo nako ni jambo la kuripoti, ila lazima mtu aonyeshe alitafuta wapi.

Safari ya Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, ndipo nilipoona thamani ya huduma hii kwa shilingi. Kutoka huku ni zaidi ya kilomita 550. Nauli, malazi, chakula, na ruhusa ya mkuu wa shule ambayo haitolewi ovyo. Kabla sijaondoka tulikaa mara tatu. Alinisaidia barua ya utambulisho ya chuo iandikwe inavyotakiwa, ikitaja kipindi cha miaka na aina ya nyaraka, maana barua isemayo "asaidiwe katika utafiti wake" humfanya mtu wa dirishani akuulize maswali upya. Alinieleza Vitabu vya Wilaya ni nini, vile ambavyo maafisa wa kikoloni waliandika kwa mkono na kwa mashine juu ya kila wilaya, watawala wake, mashamba na kazi. Aliniambia kuna chumba cha East Africana, mkusanyiko wa machapisho ya Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikikwama upande mmoja nivuke upande wa pili. Hata Kumbukumbu za Taifa za Uingereza, zilizo Kew, London, alinionyesha namna ya kusoma orodha yao mtandaoni, kwamba barua za Tanganyika za Wizara ya Makoloni zina alama CO 691, ili nijue kipi kimebaki kwetu na kipi kilipelekwa kwao. Nilifika Dar na karatasi yenye majalada kumi na nne. Nilifanya kazi siku nne. Mwenzangu wa darasa aliyekwenda bila karatasi kama ile alimaliza siku tatu za kwanza akingoja majalada yasiyomhusu.

Majalada mawili kati ya yale kumi na manne yana majina ya watu na viungo vyao. Nitayaeleza kwenye tasnifu. La babu halimo, bado.

Nimepata bahati ya kumwona akifundisha pia, na hapa nina mengi ya kusema kwa sababu ualimu ndio kazi yangu.

Mara ya kwanza ilikuwa ile saa ya utambulisho wa maktaba kwa wanafunzi wapya. Ukumbi mmoja, watu zaidi ya mia mbili, projekta moja yenye mwanga hafifu, dakika hamsini. Kanuni za kuazima, picha ya katalogi, anwani za kanzidata zilizopita kama magari. Nilikaa nyuma, sikusikia nusu yake. Hii sehemu ya huduma siipi alama nzuri, na siyo kosa lake. Ndivyo chuo kilivyopanga: saa moja, mara moja, wiki ambayo mwanafunzi hajajua hata hosteli yake iko wapi wala hajapewa kazi yoyote ya kutafutia kitabu. Yeye mwenyewe ameniambia anaifanya kwa sababu imo kwenye ratiba.

Mara ya pili ilikuwa tofauti kabisa. Mhadhiri mmoja wa somo la maendeleo alimpa vipindi viwili ndani ya kozi yake, wakati wanafunzi wana kazi mkononi kuhusu korosho na stakabadhi ghalani. Niliomba niketi nyuma. Walikuwa 31. Hakuanza na maktaba. Aliandika ubaoni: "Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo." Akawagawa wawili wawili, akawaambia kila jozi imletee mahali sentensi hiyo ilikotoka, pa mwanzo kabisa, siyo pa kusikia. Kelele zikaanza. Wengine walileta ujumbe wa WhatsApp. Wengine gazeti. Kwa kila kilichokuja aliuliza maswali yaleyale: nani kaandika, lini, alikuwepo au kaambiwa, na anafaidika nini tukimwamini. Mmoja alipoleta hotuba ya Rais ya Novemba mwaka ule, aliuliza: hotuba inathibitisha bei iliyotangazwa, je, inathibitisha bei iliyolipwa?

Darasa likanyamaza. Binti mmoja kutoka Tandahimba akanyoosha mkono: "Mimi chanzo changu ni baba. Korosho zetu zilichukuliwa na malipo tuliyasubiri." Baadhi ya wenzake walicheka. Mkutubi hakucheka. Aliandika ubaoni "shahidi", akamgeukia: baba alipeleka lini, chama gani cha msingi, karatasi ya mzani ipo, fedha iliingia benki au mkononi, na je, wapo wengine kumi wa kijiji kile tunaoweza kuwauliza? Binti akajibu kila swali, karatasi ipo nyumbani kwenye sanduku la mama. Ndani ya dakika tano darasa zima lilijua tofauti ya ushuhuda, waraka na uvumi, na lilijua kwamba nyumba za kwao zina nyaraka. Mimi nimejaribu kufundisha hilo kwa miaka 19 kwa kutumia vitini. Nilitoka pale nikabadilisha namna ninavyofundisha mada ya vyanzo vya historia.

Kwa nini basi vipindi kama hivyo ni viwili kwa muhula na siyo ishirini? Kwa sababu mhadhiri lazima amwalike, na wengi hawamwaliki. Mmoja nilimsikia akisema mkutubi kazi yake ni kupanga vitabu. Inaniuma, maana njia aliyoipita dada huyu naijua sasa. Alianza na cheti Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka Bagamoyo, akafanya kazi ya kaunta na ya kuweka namba migongoni mwa vitabu, akarudi kwa stashahada, kisha shahada, kisha uzamili Dar es Salaam. Anajua kwa kichwa kwamba historia ya Tanzania kwa mpangilio wa Dewey, ule wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada, iko 967.8, na anajua pia kwamba kitabu unachokihitaji kinaweza kuwa kwenye kilimo, uchukuzi au sheria, kwa hiyo usikwame hapo. Mkutubi wa ngazi yake ni mwanataaluma kama mhadhiri, na kama mhadhiri anatakiwa kuchapisha makala ili apande daraja. Lakini mchana ni wetu sisi wa tasnifu, na jioni ni ya kuingiza tasnifu zilizomalizika kwenye hazina ya kidijitali ya chuo, moja moja, na kusahihisha majina. Makala yake mwenyewe, kuhusu namna walimu wa wilayani wanavyotafuta taarifa, ina miaka miwili kwenye kompyuta. Mimi ni mmoja wa waliomla muda huo na najua.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Alinifundisha Zotero, programu ya bure ya kutunza marejeleo, katika kikao kimoja. Ukishaizoea hutaandika orodha ya marejeleo kwa mkono tena. Kwa makala za kulipia, alinionyesha zile ambazo chuo kinazipata kupitia Research4Life, mpango wa kuzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala bure au kwa bei nafuu, na majarida ya Kiafrika kwenye AJOL, ambako nyingi unapakua papo hapo. Sehemu ya kitabu kimoja adimu aliniombea kwa mwenzake wa maktaba nyingine, ikaja imeskaniwa, sura moja. Nilimwomba anipatie kitabu kizima, akakataa, akanieleza hakimiliki. Mwalimu mwenzangu aliandikiwa barua pepe na jarida linaloahidi kuchapisha makala yake ndani ya siku tatu kwa malipo. Nilimpeleka kwake, akamwonyesha namna ya kuchunguza wahariri ni akina nani, kama jarida linajulikana kwenye orodha zinazoaminika, na mapitio ya kitaalamu yanawezaje kwisha kwa siku tatu. Fedha ile haikutumwa.

Na mahojiano. Nimewarekodi wazee sita, wa Masasi na Nachingwea, mkubwa kuliko wote ana miaka 91. Nilikuwa nahifadhi sauti kwenye simu, zinaitwa "Rekodi 1", "Rekodi 2". Alishtuka. Alinikalisha tukazipa kila moja tarehe, mahali na herufi za jina, tukaziweka sehemu tatu: kwenye laptopu, kwenye flashi inayobaki nyumbani, na nyingine maktaba. Mwezi wa nne simu ile iliangukia kwenye ndoo ya maji. Sauti ya mzee wa miaka 91 bado ninayo.

Sasa malalamiko, na nayaelekeza kwa uongozi wa chuo. Kaunta haimwambii mtu kwamba huduma hii ipo. Mimi nimeambiwa na mama wa usafi baada ya muhula mzima. Weka bango chini, mlangoni. Mkutubi mmoja kwa chuo kizima hatoshi. Mwezi wa tano na wa sita, tasnifu zikikaribia kukabidhiwa, foleni inaanza ngazini na mtu anapata dakika kumi na tano za haraka. Akiugua, mlango unafungwa, hakuna wa kushika nafasi. Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo sisi tunaofanya kazi wilayani tunaweza kushuka mjini bila ruhusa, na Jumamosi chumba chake hakifunguliwi. Umeme ukikatika, kompyuta ya chumba chake inazima papo hapo, betri ya akiba ilikufa na haijanunuliwa nyingine. Kuna siku tulimalizia kazi kwa bando langu na tochi ya simu.

Kwa wanaotaka kwenda: anapokea Jumatatu hadi Ijumaa, mchana zaidi kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi huwa na vikao na vipindi. Mwanafunzi aliyesajiliwa halipi kitu. Mtu wa nje anaingia kwa barua ya mwajiri au ya serikali ya mtaa. Nimewaona bwana shamba na muuguzi wakihudumiwa kwa barua hizo. Nenda mapema, mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kabla pendekezo lako halijakauka. Beba ulichokwisha kuandika hata kama kina aibu, na beba orodha ya mahali ulikokwisha kutafuta. Usimwombe akutafutie, atakukataza kwa upole kisha atakufanya utafute mwenyewe akiwa kando yako, na itachukua saa mbili badala ya dakika kumi. Zikubali hizo saa mbili. Nilimpelekea korosho za kukaanga za nyumbani kwetu, akazipokea kwa mikono miwili na kuzipeleka kaunta wale wote.

Kwa huduma yake mwenyewe natoa nyota tano. Kwa namna chuo kilivyoipanga, tatu, na nitaziongeza siku bango litakapowekwa na Jumamosi mlango ukafunguliwa.

Tasnifu yangu iko sura ya nne. Tunachokitafuta sasa ni daftari la hospitali la miaka ile ya ujenzi, kwa sababu aliyevunjwa kidole lazima alifungwa bandeji mahali fulani, na kliniki za misheni ziliandika. Ameshatuma barua sehemu mbili. Alhamisi ijayo nina ruhusa, nitashuka na basi la alfajiri.